Ghala kwanza, mbingu baadaye: maswali yenu kuhusu dola za kale

Karibu maswali yote ya safari hii yanauliza jambo moja: ni ukame, baridi au maradhi yaliyoziangusha dola za kale? Nimechagua machache. Yale ambayo hayaishi kurudi nimeyapa majibu mafupi, msinilaumu.

Ziwa Victoria likipungua maji, Misri ya kale ilikufa njaa? (Mwanza)

Hapana. Maji ya ziwa hupita kwenye mabwawa ya Sudd, Sudan Kusini, na takriban nusu yake huishia huko kwa kugeuka mvuke. Yanayobaki kazi yake ni kuufanya mto usikauke miezi ya kiangazi. Furiko lililoilisha Misri, lile lililoanza kupanda katikati ya mwaka likiwa na tope lake, ni mvua ya nyanda za juu za Ethiopia inayoshuka kwa mito ya Nile ya Buluu na Atbara. Ukitafuta chanzo cha njaa ya Misri, anzia Ethiopia.

Wenyewe walilipima furiko kwa dhiraa, kila moja kama nusu mita. Mwandishi wa Kirumi Plinius ametuachia kipimo: dhiraa 12 ni njaa kali, 13 bado njaa, 14 watu wanachangamka, 15 wana uhakika, 16 ni neema tupu. Yaani kati ya kufa na kushiba ni mita mbili tu. Yakizidi nayo ni balaa. Anataja dhiraa 18 wakati wa Kaisari Claudius, na maji yasipoondoka mapema shambani, wakati wa kupanda unapita.

Sasa volkano, maana najua ndiko mnakoelekea. Mwanzoni mwa mwaka 43 KK mlima Okmok huko Alaska ulilipuka vibaya. Mlipuko wa namna hiyo hurusha gesi ya salfa juu kabisa kuliko mawingu ya mvua. Huko inageuka matone madogo ya tindikali yanayorudisha mwanga wa jua angani. Kaskazini ya dunia ikipoa, mkanda wa mvua haupandi kaskazini vya kutosha, Ethiopia inanyimwa na Nile haijai. Mwandishi wa Kirumi Seneca anaandika kwamba enzi ya Cleopatra, malkia wa Misri, mto haukufurika miaka miwili mfululizo.

Basi, mnasema, volkano ilimwangusha Cleopatra. Taratibu! Mwaka 50 KK, miaka saba kabla ya mlipuko, amri ya kifalme ilikuwa imekwisha kutoka: atakayenunua nafaka Misri ya Kati na kuipeleka kwingine badala ya Alexandria, adhabu yake kifo. Serikali inayomtisha mfanyabiashara wa nafaka kwa kifo ina ghala tupu tayari. Na lililoimaliza serikali hiyo ni jeshi la Mrumi Octavian mwaka 30 KK, zaidi ya miaka kumi baada ya Okmok.

Mabomba ya maji ya madini ya risasi, yenye sumu, ndiyo yaliyoiua Roma? (wasomaji wengi, tena)

Hapana. Maji yao yalikuwa na chokaa iliyoganda ndani ya bomba ikayatenga na risasi, na yalitiririka usiku na mchana bila kukaa. Ukiitaka risasi, itafute kwenye sufuria za risasi walizochemshia maji ya zabibu. Roma ilitumia mabomba hayo karne nyingi ikiwa kileleni.

Ukame wa miaka mingapi unaiangusha dola? (Kitui)

Swali zuri, na Kitui wanajua kwa nini nasema hivyo. Mfano wangu ni Wahiti waliotawala sehemu kubwa ya Uturuki ya leo kutoka mji wa Hattusa. Pete za ukuaji kwenye mbao za miti ya mreteni zilizofukuliwa Gordion, Uturuki, zinaonyesha miaka mitatu mikavu mno kwa kufuatana, 1198 hadi 1196 KK. Mji mkuu uliachwa karibu na wakati huo.

Piga hesabu ya mkulima anayetegemea mvua. Akipanda gunia moja la shayiri na mwaka ukawa mzuri, anavuna manne au matano. Moja ni mbegu ya mwakani, jingine kodi, yaliyobaki chakula na akiba kidogo. Mwaka wa kwanza wa ukame anakula akiba. Wa pili anakula mbegu. Wa tatu maksai wa kulimia wanachinjwa au wanakufa kwa kukosa malisho. Mvua ikirudi mwaka wa nne haimkuti mwenye mbegu wala jembe la kukokotwa. Ukame wa mwaka mmoja, hata uwe mkali namna gani, Wahiti waliumudu: walikuwa na mashimo makubwa ya nafaka yaliyozibwa hewa isiingie, kwa sababu wadudu hawaishi pasipo hewa.

Lakini Hattusa iko bara, haina bandari. Farao Merneptah anajisifu kwenye ukuta wa hekalu la Karnak, Misri, kwamba alipeleka nafaka kwa meli kuwaokoa Wahiti. Meli inaishia pwani. Kutoka pale ni kuvuka milima ya Taurus kwa punda, na punda naye anakula njiani. Ongeza ugomvi wa kugombea kiti ndani ya ukoo wa kifalme na maadui Wakaska kaskazini. Hata hivyo watu hawakufia mjini: majengo makubwa yalikutwa yamehamishwa vitu vyake kabla ya kuchomwa. Walihama kwa mpango.

Wanajuaje lipi lilikuwa tauni na lipi ndui? (Bukoba)

Shida inaanza na ninyi mnaoita kila gonjwa tauni. Tauni ni bakteria mmoja, Yersinia pestis, anayeenezwa na viroboto wa panya, na dalili yake kubwa ni mitoki kinenani na kwapani. Ile ya mwaka 541, enzi ya Justinian, mtawala wa Roma ya Mashariki, imethibitishwa. Mtaalamu hulikata jino la maiti na kukwangua unga wa ndani, pale mishipa ya damu ilipopita, kisha anatafuta vinasaba (DNA) vya bakteria. Meno ya makaburi ya Aschheim, Ujerumani, yalikuwa navyo. Lakini jino lisipotoa kitu, hujathibitisha kwamba mtu huyo hakuugua. Vinasaba huoza, hasa kwenye udongo wa joto.

Gonjwa lililorudi na majeshi ya Roma kutoka Parthia, dola ya Uajemi ya wakati huo, mwaka 165 hadhi yake ni tofauti. Tabibu Galen anaeleza homa, kuhara na vipele vyeusi mwili mzima. Wengi wanasema ndui, nami naelekea huko, ila ushahidi wa vinasaba haupo. Lile la karne ya 3 aliloliandika Cyprian, askofu wa Carthage (Tunisia ya leo), halijulikani hadi leo. Anayekutajia jina lake kwa uhakika anabahatisha.

Ni kweli tauni ya Justinian ilitoka kwetu na pembe za ndovu? (Lushoto)

Ni dhana ya zamani. Ilizuka kwa sababu ugonjwa ulionekana kwanza Pelusium, mji wa Misri ulio karibu na njia za Bahari ya Shamu, na mwandishi Evagrius alisema ulianzia Ethiopia. Vinasaba vinasema vingine: ndugu wa karibu wa bakteria yule wamepatikana milima ya Tian Shan, Asia ya Kati. Tauni iliyopo Afrika Mashariki leo ni ya matawi yaliyochipuka baadaye sana. Njia aliyopita bakteria huyo mpaka Pelusium ndiyo bado inabishaniwa.

Na kwa kuwa umeandika kutoka Lushoto, ambako tauni imewahi kusumbua miaka mingi: ukiona panya wanakufa ovyo nyumbani, usiwashike kwa mkono. Mzoga wa panya ukipoa, viroboto huuhama na kukufuata wewe. Toa taarifa. Mwenye homa na mtoki apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, dawa za kuua bakteria zinatibu zikiwahi.

Tauni ndiyo iliyowapa Waislamu ushindi dhidi ya Rumi (Roma ya Mashariki) na Uajemi? (Muscat)

Wanaosema hivyo wanasahau tauni ya Amwas. Mwaka 18 Hijria tauni iliipiga kambi ya Waislamu Palestina, ikamchukua amiri jeshi Abu Ubayda, ikamchukua Muadh ibn Jabal, ikamchukua Yazid ibn Abi Sufyan. Mwaka huo huo Hijazi ilikuwa kwenye ukame, Mwaka wa Majivu. Tauni haikuchagua upande.

Ni kweli Uajemi iliumia. Mfalme Kavad wa Pili alikufa mwaka 628 baada ya miezi michache kitini, na inasimuliwa ni tauni. Lakini Rumi na Uajemi walikuwa wametoka kupigana tangu 602 hadi mwaka huo huo wa 628. Hazina zilikwisha, askari walidai mishahara. Ukitaka kuona tauni inavyogeuza historia, mwangalie aliyepewa utawala wa Damascus baada ya Yazid kufa: mdogo wake, Muawiya. Utawala wa Bani Umayya ulijengwa juu ya nafasi hiyo.

Mwaka 536 ndio mbaya kuliko yote duniani? (Toronto)

Mashindano ya aina hii siyawezi. Volkano zililipuka 536 na tena 540, jua likafifia kama mwezi kwa zaidi ya mwaka, mavuno ya nchi nyingi yakaharibika. Lakini dola haikuanguka: mwaka 540 huo huo majeshi ya Justinian yaliiteka Ravenna, Italia. Roma ya Mashariki yenyewe iliishi hadi 1453.

Tauni ya Justinian iliua watu wangapi? Nimesoma milioni 100. (Nairobi)

Muulize aliyeandika hiyo milioni 100 alihesabu vipi. Mwanahistoria Procopius, aliyekuwepo Constantinople, mji mkuu wa Justinian, mwaka 542, anasema watu 5,000 kwa siku, kisha 10,000. Yohana wa Efeso anasema maofisa walihesabu maiti hadi 230,000 wakaacha. Hizo ni za mji mmoja, na huenda zimetiwa chumvi. Siku hizi wako wanahistoria wanaodai vifo kwa jumla vilikuwa vichache kuliko tulivyozoea kusoma.

Mimi naamini zaidi karatasi za serikali zinazolalamikia jambo jingine kabisa. Mwaka 544 Justinian alitoa amri: wafanyabiashara, mafundi, wakulima na mabaharia wanadai ujira mara mbili na mara tatu ya zamani, warudi kwenye viwango vya kale, na anayezidisha atatozwa faini. Vibarua wakiwa tele, hakuna mfalme anayehitaji amri kama hiyo.