Kona ya Walimu: Kanuni za Darasa la Kiingereza, Kidato cha Kwanza

Muhula umefunguliwa, na barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja: mwanafunzi aliyetoka shule ya msingi, alikosoma kila kitu kwa Kiswahili isipokuwa Kiingereza chenyewe, awekewe kanuni gani ndani ya kipindi cha Kiingereza? Tumejibu barua sita.

Nimepangiwa mikondo miwili, kila mmoja una wanafunzi 80 na ushee. Niliandika kanuni 17 nikazibandika ukutani. Wiki ya tatu hii, hakuna anayezifuata. Nikazane au nianze upya? (Mwalimu, Singida)

Anza upya, mwalimu mwenzetu. Kanuni 17 hata wewe huwezi kuzitaja bila kugeuka kuangalia ukutani. Tano zinatosha, na kila moja itaje kitendo kinachoonekana. "Tuheshimiane" haikaguliki. "Mwenzako akizungumza, kalamu chini, mdomo kimya" unaikagua kwa kutupia jicho safu moja tu. Kwa darasa la ukubwa huo, tungeanza na hizi: ingia na uanze zoezi la ubaoni, nyoosha mkono kabla ya kusema, msikilize anayezungumza, jaribu kwa Kiingereza kwanza, sahihisha kosa lako kabla ya kazi mpya. Ziandike kwa Kiingereza chepesi, kila moja isizidi maneno saba, na chini yake Kiswahili mpaka muhula wa kwanza uishe. Kanuni ambayo mtoto hawezi kuisoma ni pambo tu.

Lakini kubandika si kufundisha. Wiki ya kwanza tenga dakika 8 hadi 10 za kila kipindi kwa kanuni moja: ionyeshe, waambie wanafunzi wawili waikosee kwa makusudi, kisha darasa zima liifanye mara mbili. Ya kuingia darasani ndiyo inayostahili jasho kuliko zote, kwa sababu kipindi ni dakika 40, na darasa la watu 80 linaweza kumeza dakika 12 kabla halijatulia. Utaratibu uwe huu: mstari nje ya mlango, kuingia kwa safu, kaunta buku juu ya meza, zoezi la kuanzia. Zoezi lenyewe ni sentensi tatu, kila moja ina kosa moja, dakika 5. Kisha wabadilishane madaftari na kusahihishana kwa dakika 3.

Tatizo litakalokukuta ni kwamba mwalimu wa kipindi kilichotangulia hajaachia ubao. Kwa hiyo sentensi ziandike jana yake kwenye karatasi ya manila, umkabidhi monita azibandike. Tatizo la pili ni wewe mwenyewe: ukiwapa zoezi siku mbili bila kulisahihisha, siku ya tatu hawataligusa, na watakuwa na haki.

Shuleni kwetu anayekutwa akiongea Kiswahili anavishwa kibao shingoni, naye anakaa nacho mpaka amkamate mwingine. Mkuu wa shule anasema bila hivyo watoto hawatajua Kiingereza. Mnasemaje? (Mwalimu, Mbeya)

Tunasema kiondoeni. Kibao kinafundisha mambo mawili: kunyamaza na kupelelezana. Mwanafunzi mwenye Kiingereza kidogo anagundua upesi kwamba mdomo uliofungwa hauvishwi kitu, kwa hiyo anapitisha siku nzima bila kutamka neno. Ukipita koridoni unakuta utulivu, unadhani kanuni imefanya kazi. Aliyevaa kibao naye hasikilizi somo; anatega sikio nani ateleze.

Kinachofaa ni kuifunga kanuni ya lugha kwenye muda na kazi. Tengeneza kadi yenye pande mbili, kijani na njano, uitundike pembeni mwa ubao. Kijani: Kiingereza tu. Njano: Kiswahili ruksa. Wiki ya kwanza kijani iwe dakika 4 za mazungumzo ya wawili wawili, swali likiwa moja na jibu lina mwanzo ulioandikwa ubaoni, kwa mfano "On Saturday I usually…". Ongeza dakika mbili kila wiki. Njano uitumie pale unapotaka kujua kama wameelewa: baada ya kusoma aya ya ufahamu, dakika 2 wasimuliane kwa Kiswahili ilivyosema, kisha geuza kadi warudi kwenye maswali. Walimu wengi huona aibu kuruhusu dakika hizo mbili. Wasione. Bila hizo, maswali ya ufahamu hujibiwa kwa kunakili sentensi yoyote yenye neno linalofanana na la kwenye swali.

Kadi inaharibika pale mwalimu anapoigeuza kiholela kila akikasirika. Igeuze kwa ratiba iliyo kwenye andalio la somo. Na nje ya kipindi chako, uwanjani na kwenye foleni ya chakula, waache watoto waongee wanavyotaka.

Shikamoo mwalimu. Mimi niko Kidato cha Kwanza. Mwalimu wetu anasema tusiulize kwa Kiswahili. Sasa nisipoelewa nifanyeje, na sijui kuuliza kwa Kiingereza? (Mwanafunzi, Kigoma)

Marahaba, mwanetu. Jifunze sentensi chache uzijue kama jina lako. Anza na nne za leo: "Please say it again." "I don't understand this word." "How do you spell it?" "May I try?" Kesho ongeza nne, kesho kutwa nne nyingine, ndani yake zikiwemo za kuomba kutoka, kuazima kalamu na kusema hujamaliza. Kumi na mbili zinatosha kukuvusha muhula. Ziandike ndani ya jalada la kaunta buku, si ukurasa wa katikati unaotafutwa kila mara. Neno usilolijua liandike kwanza, kisha lielekezee kidole huku ukisema sentensi ya pili. Hakuna mwalimu atakayekukatalia hapo.

Na kwa mwalimu wake, kama anasoma: kanuni ya "jaribu kwa Kiingereza kwanza" inadai uwape hayo maneno siku ya kwanza. Aliyejaribu akakwama amalizie kwa Kiswahili, wewe umrudishie sentensi yake kwa Kiingereza, naye airudie.

Wakisoma kwa sauti, mmoja akikosea matamshi darasa zima linacheka. Nimekemea, nimetoa nje watu, bado. (Mwalimu, Lindi)

Punguza nafasi ya kuchekwa kabla ya kupambana na wachekaji. Kumsimamisha mmoja asome aya asiyoijua mbele ya wenzake 80 ni kumweka kikaangoni. Soma wewe kwanza, wasome wote pamoja, wasome safu kwa safu, wasome wawili wawili kwa dakika 3, ndipo umwite mmoja, tena kwa sentensi mbili tu. Anayekosea asirekebishwe na wenzake kwa kelele. Neno lake liandike ubaoni bila kumtaja, darasa zima lilitamke mara tatu. Anayecheka ndiye atakayesoma sentensi inayofuata. Mwambie hivyo mapema, kwa upole, na utekeleze kila mara bila hotuba.

Mwanangu alirudi na adhabu ya kuandika mara 100 kwamba hataongea Kiswahili darasani. Wiki iliyofuata alichapwa kwa kukosea wakati uliopita wa kitenzi. Nidhamu ndiyo hii? (Mzazi, Morogoro)

Mama au baba, mwangalie akiandika hiyo mara 100. Atashuka na "I" ukurasa mzima, kisha "will" ukurasa mzima, kisha "not". Hakuna sentensi hata moja iliyopita kichwani. Mwalimu anayetaka adhabu yenye faida angempa sentensi 6 tofauti azitunge mwenyewe kwa kitenzi alichokikosea, azisome kabla ya kipindi kijacho. Dakika 15 zinatosha.

Kuhusu fimbo, kanuni za mwaka 2002 za adhabu ya viboko Tanzania ziko wazi. Ni kwa makosa makubwa ya utovu wa nidhamu. Atoaye ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Viboko havizidi 4. Na adhabu inaandikwa kwenye kitabu maalumu. Kukosea kitenzi si utovu wa nidhamu, ni sababu ya mtoto kupelekwa shule. Nenda ukaonane na mkuu wa shule, uombe kuona kitabu hicho, uzungumze kwa utulivu. Kwa wasomaji wetu wa Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeipiga marufuku adhabu ya viboko moja kwa moja.

Kanuni ya "sahihisha kosa lako" inanishinda. Nina wanafunzi 85 na insha moja kila wiki. (Mwalimu, Tabora)

Hesabu kwanza: madaftari 85 kwa dakika 2 kila moja ni dakika 170, karibu saa tatu, na ukifundisha mikondo miwili ni karibu saa sita. Hakuna binadamu atakayedumu nayo. Ligawe darasa makundi matatu. Kila wiki kundi moja, wanafunzi 28 au 29, lisahihishiwe kikamilifu, dakika 3 kila daftari. Hayo ni chini ya saa moja na nusu. Makundi mawili mengine wanasahihishana kwa majibu ya ubaoni, wewe unapita na kutia saini.

Usiandike jibu sahihi. Weka alama pambizoni. S kwa tahajia, T kwa njeo (wakati wa kitenzi), W kwa mpangilio wa maneno, na kikofia (^) pale neno lilipoachwa. Insha iwe mistari 10, si kurasa mbili, na iandikwe kwa kuruka mstari ili masahihisho yapate pa kukaa. Mwanafunzi arekebishe kwa kalamu ya rangi nyingine kabla hajapewa kazi mpya, dakika 7 za mwanzo wa kipindi. Tarajia makosa yale yale: kuchanganya "he" na "she", na "My father he lives in Dodoma", kwa kuwa Kiswahili hakitofautishi jinsia kwenye kitenzi na kinadai kiambishi cha nafsi hata baada ya "baba yangu". Kosa likionekana kwenye madaftari zaidi ya 10, acha kulipigia alama moja moja. Liwekee dakika 10 za kulifundisha upya, na sentensi zake ziwe zoezi la kuanzia la kesho yake.

Walioandika wakitaka kanuni ya simu darasani: hilo ni la sheria za shule, limekwisha amuliwa. Msilipe nafasi kwenye kanuni zile tano.