Intaneti ya nyumbani imegoma kwenye Linux: usifomati, soma logi kwanza

Mkuu pole, nimekusoma mpaka mwisho. Kwa wanaoingia sahivi, kifupi ni hivi: jamaa katoa Windows kaweka Linux, modemu ya nyumbani imechomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta kwa kebo, kule Windows alikuwa anabofya ikoni, anaweka jina na nywila, anaingia. Huku Linux alama ya mtandao inazunguka weee, inakata, inaanza upya. Na naona washamshauri afomati aweke Linux ya aina nyingine.

Usifomati. Mimi nilifomati mara mbili kwa shida hiyohiyo na mara zote mbili nikarudi palepale, maana kosa halikuwa la Linux, lilikuwa langu, tena la alama moja tu ya kibodi, nitafika huko.

Kwanza huko kuzunguka. NetworkManager, programu ya Linux inayosimamia mtandao, ikiona kebo imechomekwa inadhani upande wa pili kuna ruta, kwa hiyo inaomba anwani ya IP kwa DHCP, yaani utaratibu wa kugawiwa anwani bila kuulizwa nywila. Modemu yako haina habari hizo, yenyewe imekaa kama daraja tu, inasubiri kompyuta ndo ipige PPPoE, yaani iingie yenyewe kwa mtoa huduma kwa jina na nywila alizokupa. Kompyuta inaomba, hakuna anayejibu, sekunde 45 zikiisha inakata tamaa, kisha inaomba tena. Hakuna kilichokufa hapo, hujaiambia tu kwamba unataka PPPoE. (Kama ungekuwa na ruta inayopiga yenyewe usingehitaji haya yote, ungechomeka kebo na kuendelea na maisha.)

Sasa kuiambia. Fungua teminali andika nm-connection-editor, bonyeza alama ya kujumlisha, chagua DSL/PPPoE, chagua kadi yako ya mtandao, weka jina na nywila, seivu. Kama unatumia GNOME (muonekano wa madirisha wa Linux nyingi), dirisha lake la kawaida la mipangilio usihangaike nalo, hiyo sehemu hutaiona. Jina la kadi unalipata kwa amri ya ip link, litakuwa kitu kama enp3s0 au eno1, lile linaloitwa lo si kadi halisi, achana nalo. Ukiwa Fedora hakikisha kifurushi cha NetworkManager-ppp kipo. Ukiwa Debian na ndugu zake kuna pppoeconf, ndo nilitumia mimi, inakuuliza maswali mawili matatu inaandika mafaili yenyewe, halafu pon dsl-provider kuwasha, poff kuzima, na plog kusoma kilichotokea.

Utauliza nitapakua vipi kifurushi wakati intaneti yenyewe ndo sina. Simu mkuu. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushea intaneti kwa USB, Linux nyingi zinaiona hapohapo kama kadi ya mtandao bila draiva yoyote. Ila hiyo simu nayo ilinitesa, subiri.

Kitu ambacho ningeambiwa siku ya kwanza ningeokoa wiki nzima ni hii plog (wa NetworkManager tumieni journalctl -u NetworkManager -f). PPPoE inaenda kwa hatua na logi, yaani kumbukumbu ya kilichotokea, inakuambia umekwama ya ngapi. Kompyuta inaanza kwa kupiga kelele kwenye waya, PADI, yaani kuna mtu huko? Wa upande wa pili anajibu PADO, nipo. Kompyuta inasema PADR, basi nipokee, inajibiwa PADS, haya karibu. Baada ya hapo ndo jina na nywila zinaulizwa. Utaratibu huu upo hivyohivyo tangu RFC 2516 ya 1999, haujabadilika, kwa hiyo hata maelezo ya zamani ukiyakuta bado yanafaa.

Sasa ukiona Timeout waiting for PADO packets, maana yake umepiga kelele hakuna aliyeitika. Usiguse nywila kabisa, haijaulizwa bado! Hapo angalia kebo, angalia kama umechagua kadi sahihi, angalia kama modemu kweli imewekwa kama daraja, na muulize mtoa huduma kama wanatumia VLAN, yaani mtandao uliotengwa kwa namba ndani ya waya uleule. Kuna wanaotaka pakiti ziwe na namba ya VLAN, bila hiyo namba utaita mpaka sauti ikauke. Wakikupa namba, tuseme 35, ni ip link add link enp3s0 name enp3s0.35 type vlan id 35, unaiwasha kwa ip link set enp3s0.35 up, halafu PPPoE unaipigia juu ya hiyo enp3s0.35 badala ya enp3s0.

Ukiona PADS imepita halafu PAP authentication failed au CHAP authentication failed (PAP na CHAP ni njia mbili za kukagua nywila), waya mzima, modemu nzima, kadi nzima, shida ni jina au nywila. Hapa ndo nilipokaa mimi. Nilikuwa na uhakika na nywila yangu asilimia mia maana niliikopi, nikaibandika kwa mkono kwenye /etc/ppp/pap-secrets na chap-secrets, nikawasha, imekataa. Nikafomati. Nikarudia, imekataa. Nikapiga simu kwa mtoa huduma mara tatu, mara ya tatu dada wa watu akaniambia kaka huku tunaona unajaribu kuingia ila nywila unayotuma ni fupi kuliko tuliyonayo. Fupi? Nikaenda kuliangalia faili kwa macho mawili. Nywila ilikuwa na alama ya # katikati. Kwenye hayo mafaili # ni mwanzo wa maelezo, kila kinachofuata baada yake kwenye mstari kinarukwa, kwa hiyo mimi siku zote hizo nilikuwa natuma nusu ya nywila. Nikaizungushia alama za kunukuu, "hivi", nikaandika pon dsl-provider na ndani ya sekunde chache ppp0, yaani muunganisho wenyewe wa PPPoE, hiyo hapo na anwani yake. Nilicheka peke yangu kama chizi. Kwa hiyo kama nywila yako ina # au nafasi na unahariri mafaili kwa mkono, iwekee alama za kunukuu. Na jina liandike zima, kama walikupa lenye @ na maneno mbele yake, hayo maneno ni sehemu ya jina, usiyakate.

Kuna na hili la kukataliwa leo wakati jana uliingia vizuri na hujabadili chochote. Mara nyingi umeme ulikatika au ulizima kompyuta ghafla, kule kwa mtoa huduma bado wanadhani upo ndani, na wengi hawaruhusu jina moja kuingia mara mbili. Zima modemu, subiri dakika kadhaa, washa.

Haya, umeingia, ppp0 ipo, ila kurasa hazifunguki. Anza na ping 1.1.1.1, amri ya kuuliza kama seva ya mbali inajibu. Ikijibu lakini ping ya jina la tovuti haijibu, hiyo ni DNS tu, ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, na ukikuta /etc/resolv.conf imeandikwa 127.0.0.53 usiifute kwa hasira kama nilivyofanya, ndo kawaida ya systemd-resolved, seva halisi za DNS unaziona kwa resolvectl status. Isipojibu kabisa andika ip route usome mstari unaoanza na default, ndo njia kuu ya kutokea. Hapa ndo simu iliponitesa: nilipoona ppp0 imepanda na kurasa zinafunguka nikashangilia, nikachomoa simu, intaneti ikapotea nayo. Kumbe muda wote nilikuwa napita kwenye simu. Njia kuu ilikuwa tayari imeshikwa na simu na pppd, programu inayopiga PPPoE, huwa haimnyang'anyi aliyetangulia, logi ilikuwa imeandika wazi kabisa not replacing existing default route, mimi sikusoma. Chomoa simu KWANZA, ndo uwashe PPPoE.

Mwisho ni hili la MTU, yaani ukubwa wa mwisho wa pakiti (kifungu kimoja cha data) inayoweza kupita, na hili hata mafundi linawachanganya. Nilipozoea nikaamua ile kompyuta ya Linux iwagawie intaneti wengine pale nyumbani. Yenyewe inafungua kila kitu, laptopu iliyo nyuma yake inafungua baadhi ya tovuti safi, nyingine zinaanza kufunguka halafu zinaganda, ukurasa mweupe, duara linazunguka. Ping zote zinajibu! Sababu ni kwamba pakiti ya kawaida ya Ethernet inabeba baiti 1500, PPPoE inakula 8 kwa ajili ya vichwa vyake, zinabaki 1492. Kompyuta inayopiga PPPoE inajua, laptopu iliyo nyuma haijui, inaziambia seva za mbali nitumieni pakiti kubwa. Zikija hazipiti, na ule ujumbe wa kuiambia seva ipunguze ukubwa unazuiwa njiani na fayawoli za watu. Ping ni pakiti ndogo, inapita, ndo maana inakudanganya. Pima kwa ping -M do -s 1464 1.1.1.1, ukiongeza baiti 28 za vichwa unapata 1492 kamili, inapita, weka 1465 inagoma. Dawa yake ni mstari mmoja kwenye kompyuta inayogawa:

iptables -t mangle -A FORWARD -p tcp --tcp-flags SYN,RST SYN -j TCPMSS --clamp-mss-to-pmtu

Ukizima kompyuta mstari huo unapotea, kwa hiyo useivu kwa njia ya Linux yako.

Kwa dalili ulizoeleza wewe naona hujafika hata kwenye PADI, yaani ni kutengeneza tu hiyo DSL/PPPoE kwenye nm-connection-editor. Fanya hivyo jioni, ikigoma bandika hapa mistari 20 ya mwisho ya logi pamoja na ip route, ila futa jina na nywila yako kabla hujabandika.