Maswali ya Wasomaji: Safari za Familia Zama za Magari ya Mwanzo

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu na ninaishi Mafinga. Kila mwisho wa mwaka watoto wangu huwakusanya wajukuu, tukasafiri kwa gari mpaka Tunduma kuwaona ndugu zetu, na safari hiyo hatuimalizi bila malalamiko ya joto, njaa na mizani. Mjukuu wangu mmoja amesoma kwamba mwaka 1908 baba mmoja wa Kimarekani alivuka nchi yake nzima kwa gari akiwa na mke na watoto. Je, habari hiyo ni ya kweli, na waliwezaje wakati vituo vya mafuta havikuwapo? Je, familia ya namna hiyo ingeweza kupita huku kwetu Nyanda za Juu Kusini?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Habari aliyoisoma mjukuu wako ni ya kweli. Baba huyo aliitwa Jacob Murdock, mfanyabiashara wa mbao kutoka Johnstown katika jimbo la Pennsylvania, na gari lake lilikuwa Packard. Aliondoka Los Angeles mwezi Aprili 1908 pamoja na mkewe na watoto wao watatu, na baada ya siku 32 wakaingia New York. Mjukuu aelezwe, hata hivyo, kwamba hiyo haikuwa familia ya kipato cha kawaida, kwa kuwa Packard ya aina ile iliuzwa dola 4,200, ilhali Ford Model T iliyotoka Oktoba mwaka huohuo ilipatikana kwa dola 850, na kwamba Murdock hakuthubutu kuondoka bila kumchukua fundi ndani ya gari.

Kuhusu mafuta, petroli wakati ule iliuzwa katika maduka ya vyombo vya chuma, katika maduka ya jumla na hata kwa wauza dawa, tena kwa makopo na madebe. Palipokuwa na jangwa, kama Nevada, msafiri mwenye busara alihakikisha mapema kwamba akiba imetangulizwa kwa reli, kwa sababu reli ilikuwa imekwisha kuivuka Marekani tangu mwaka 1869. Hilo ndilo linalosahaulika katika simulizi nyingi za magari ya mwanzo: gari lilipata sifa, lakini nyuma yake kulikuwa na reli, wanyama na watu waliolifanya lifike. Matope yalipolimeza mpaka ekseli, mkulima wa jirani aliletwa na nyumbu wake kulivuta, naye mara nyingi alitoza alichotaka.

Mwaka uliofuata, 1909, Bi. Alice Ramsey alikuwa mwanamke wa kwanza kuendesha gari kutoka pwani moja ya Marekani hadi nyingine, na abiria wake walikuwa wifi zake wawili na rafiki yao mmoja, wote hawajui kuendesha. Walitumia siku 59 kutoka New York hadi San Francisco, Bi. Ramsey akabadilisha matairi mara 11, na katika njia yote hiyo barabara iliyosakafiwa ilikuwa maili 152 tu. Ramani za sehemu za magharibi zilikuwa haba, hivyo kwenye njia panda alitazama nguzo za simu na kufuata upande wenye nyaya nyingi zaidi, akiamini kwamba nyaya nyingi huelekea mjini. Kitabu cha mwongozo nacho kiliwahi kuwaelekeza wakate kona kwenye nyumba ya rangi ya njano, wakaitafuta bila kuiona, kumbe mwenye nyumba, aliyekuwa adui wa magari, alikuwa ameipaka rangi ya kijani ili wasafiri wapotee. (Anayedhani kwamba chuki dhidi ya madereva imeanza na bodaboda na afikiri upya.)

Sasa tuje kwetu. Kama Murdock angeileta familia yake Iringa mwaka huo wa 1908, asingekwenda popote. Reli kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Morogoro mwaka 1907, ikafika Dodoma mwaka 1910, na zaidi ya hapo mizigo ya nyanda zetu ilisafiri kichwani kwa mpagazi. Gari moja lilikuwa likijaribu bahati yake wakati huohuo: Luteni Paul Graetz, Mjerumani, aliondoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907 na kufika Swakopmund, pwani ya Atlantiki katika Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909. Yeye alifuata njia ya kati kupitia Tabora, hakupita kwetu. Aliweza kwa sababu mafuta yake yalikuwa yametangulizwa katika vituo njiani kwa mabega ya wapagazi, na palipokuwa na mto au mteremko usiopitika, ni watu waliolivuta na kulishusha gari lile kwa kamba. Yapo mazingira ambamo ni haki kuuliza nani alimbeba nani.

Miaka ya 1930 jibu linabadilika. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa Lupa, huko Chunya, mwaka 1922, mji wa Mbeya ukaanza mwaka 1927, na biashara ya Chunya ikahitaji njia za malori. Wakati huo familia yenye gari, na hapa tunazungumzia walowezi, maofisa wa serikali, wamisionari na baadhi ya wafanyabiashara wa Kihindi, ingeweza kutoka Iringa hadi Mbeya, mradi ichague kiangazi. Umbali ni takriban kilomita 330. Kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa, ambao kwenye udongo wenye mifereji ni mwendo mzuri, hizo ni zaidi ya saa 13 za gurudumu kuzunguka bila kusimama, na gari la wakati ule lilisimama mara kwa mara, kwa hiyo familia ilipanga kulala njiani angalau usiku mmoja. Walilala kwenye nyumba za wageni za serikali, au walibisha hodi misheni, na misheni hazikukosekana: Tosamaganga jirani na Iringa, Kidugala upande wa Njombe, na kwa waliosonga mbele, Rungwe na Mbozi.

Mafuta walibeba wenyewe. Petroli ilifika ikiwa ndani ya madebe ya galoni nne, yaani lita 18 na ushei, mawili mawili katika sanduku la mbao. Ford Model T ilikwenda kati ya kilomita 5 na 9 kwa lita moja, hivyo safari ya Iringa hadi Mbeya ilihitaji madebe mawili hadi manne, mbali na yale ya akiba. Debe likiisha halikutupwa, kwani lilichotewa maji, lilipimiwa mahindi, na lilipokunjuliwa liliezekea nyumba. Nadhani hakuna kipande cha safari zile kilichodumu katika maisha ya watu wetu kama kile. Pamoja na madebe gari lilibeba koleo, shoka la kukatia miti iliyoanguka, kamba, jeki, pampu, viraka na gundi ya kuzibia pancha, na minyororo ya kuvalisha magurudumu kwenye utelezi. Watoto walikaa juu au katikati ya vitu hivyo.

Mvua zikianza Novemba, hesabu hizo zote zilivunjika. Udongo mwekundu kati ya Iringa na Mafinga huteleza, lakini unapitika kwa minyororo na uvumilivu. Tatizo lilikuwa chini, baada ya kuteremka kutoka Makambako kwenda Igawa na Chimala, ambako barabara hupita ukingoni mwa bonde la Usangu. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa hushika gurudumu kama ugali mkononi, na Mto Mbarali ukifurika, msafiri hukaa ng'ambo mpaka maji yaamue. Hata msafara mashuhuri wa Court Treatt, uliosafiri kutoka Cape Town hadi Kairo kwa magari mawili ya Crossley kati ya Septemba 1924 na Januari 1926, mume, mke na ndugu wa kiume wa mke wakiwamo, ulicheleweshwa kwa miezi na matope ya masika huko Rhodesia (Zimbabwe na Zambia za leo), na uliokolewa na mikono ya wanavijiji waliovuta kamba.

Watu hao hao ndio waliotengeneza barabara. Sheria ya kodi ya kichwa na ya nyumba wakati wa Waingereza iliruhusu asiye na fedha afanye kazi badala ya kulipa, na kazi hiyo mara nyingi ilikuwa barabara: kufyeka, kuchimba mitaro kwa jembe, kujaza mashimo kila baada ya masika. Mwalimu, ukiwasimulia wajukuu habari za familia ya Murdock, na hiyo ya mitaro uisimulie, kwa maana huenda mmoja wa waliochimba karibu na Mafinga alikuwa babu yao.

SWALI: Mimi ni dereva wa lori, naishi Uyole, Mbeya. Babu yangu husema kwamba zamani magari yalipanda milima kinyumenyume. Vijana kijiweni wanamcheka. Nani mkweli?

JIBU: Babu yako ni mkweli, na vijana wamwombe radhi. Ford Model T haikuwa na pampu ya petroli. Tangi lilikuwa chini ya kiti cha mbele, na mafuta yalitiririka yenyewe kwenda kwenye kabureta kwa sababu tangi lilikuwa juu kidogo ya kabureta. Gari lilipoinua pua kwenye mlima mkali huku tangi likiwa limepungua, kabureta ilijikuta juu ya mafuta, injini ikazimika kwa njaa ingawa petroli imo. Dereva aligeuza gari, akapanda kwa nyuma, na mtiririko ukarudi. Kulikuwa na faida ya pili: gia ya nyuma ya Model T ilikuwa nzito kuliko gia yake ya kwanza ya kwenda mbele, hivyo ilivuta kwa nguvu zaidi. Ford Model A iliyofuata, mwishoni mwa mwaka 1927, iliwekewa tangi juu, mbele ya kioo cha dereva, na mchezo huo ukawa hauna haja tena.

Kwa milima yetu kulikuwa na shida nyingine mbili ambazo wewe unayeendesha turbo huzioni. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Model T ilikuwa na nguvu za farasi 20 tu. Ilipofika kwenye vilele vya barabara ya Mbeya kwenda Chunya, juu ya mita 2,400, karibu robo ya farasi hao walikuwa wamebaki mabondeni. Isitoshe, maji hapa Mbeya huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo rejeta ilitoa mvuke mapema. Kila mlima ulikuwa na mahali pa kusimama penye kijito, na utingo aliruka chini akiwa na kabari ya mti mkononi kabla gari halijaanza kurudi nyuma, maana breki za wakati ule hazikustahili kuaminiwa na mtu mwenye watoto. Baada ya kupoa, ilibaki kuwasha upya kwa hendeli, ambayo ikirudi nyuma ghafla ilivunja kifundo cha mkono.

SWALI: Bibi na babu zetu wa Tukuyu hawakuwa na magari. Wao walisafirije na watoto wao?

JIBU: Kwa miguu, halafu kwa lori. Kutoka Tukuyu hadi Mbeya ni kilomita 70 hivi kupitia Isongole, na watu waliokwenda kutafuta kazi machimbo ya Lupa walizitembea, kisha wakapanda milima kwenda Chunya. Malori ya wafanyabiashara yalipoongezeka, abiria walilipa nauli wakakaa juu ya magunia ya mpunga wa Kyela au ya kahawa, mama na mtoto wakipewa nafasi nyuma ya kichwa cha gari ambako upepo wa Rungwe haupigi sana. Lori likikwama, abiria wote walishuka kusukuma, na nauli haikupunguzwa. Baadaye mabasi ya shirika la reli yaliunganisha Mbeya na Iringa na Dodoma, na hapo familia ikaweza kukata tiketi, kukaa kwenye kiti, na kuipata treni ya kwenda Dar es Salaam au Tabora.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi, Iringa. Mtu aliyetoka hapa kwenda Nairobi kwa gari miaka ya 1930 alipita Morogoro na Chalinze?

JIBU: Hapana. Iringa ilikuwa juu ya ile njia ndefu waliyoiita Barabara Kuu ya Kaskazini, iliyotoka Afrika Kusini, ikapita Rhodesia, ikaingia kwetu Tunduma, kisha Mbeya na Iringa. Kutoka hapo ilielekea Dodoma, Kondoa, Babati, Arusha na Namanga, halafu Nairobi. Mto Ruaha ulivukwa Mtera, wakati ambapo bwawa lilikuwa halijajengwa, na baada ya Kondoa kulikuwa na milima ya Bereko, iliyochemsha rejeta sawasawa na ya kwetu. Leo njia hiyo ina lami. Ukitaka kuifuata, usishuke Ipogolo kwenye barabara ya Dar es Salaam. Toka mjini kwa Kihesa, pita Nduli, na uendelee moja kwa moja mpaka Dodoma.