Jibu: Mtoto yuko kwenye kemo, achanjwe mafua?

Pole sana mama. Umeuliza kama mwanao wa miaka 5, aliye kwenye kemo (dawa za saratani), achanjwe mafua kabla baridi ya Uyole, Mbeya, haijaanza kuuma Juni, maana nesi kakwambia mtoto wa saratani hachanjwi kabisa.

Nesi amechanganya. Zinazozuiwa ni chanjo zenye virusi hai, kama ya surua, au ile ya mafua ya kupuliza puani. Ya sindano ina virusi vilivyouawa, haiwezi kumpa mafua (hata jirani akiapa vipi).

Anza na daktari wake wa saratani, na umuulize wewe. Usingoje akumbuke; nadhani hapo ndipo watoto wengi wanapopitwa, kila mmoja akidhani mwenzake ameshasema. Mimi nilikwenda na kadi ya kliniki pamoja na majibu ya FBP (kipimo cha damu), daktari akaangalia chembe nyeupe za damu, akachagua wiki ya katikati ya dozi za kemo ambapo chembe hizo zimepanda. Akiwa hajawahi kuchanjwa mafua, atahitaji sindano 2, zikipishana angalau wiki 4. Kwa hiyo ukianza Mei mwishoni umechelewa.

Chanjo ya mafua haimo kwenye chanjo za kawaida za kliniki, hivyo piga simu uulize kama ipo kabla ya kupanda daladala kwenda mjini.

Kinga yake inaweza isishike vizuri kwa sababu ya kemo, kwa hiyo nyie wa nyumbani mchanjwe pia, bibi akiwemo. Na joto likigonga 38, usimpe panadol ukasubiri kukuche. Hospitali usiku huohuo.