Jibu: Kadi ya maktaba inasema "Glarus" tu, nifanyeje?

Ndugu, unayetafuta asili ya babu yake mkeo, kadi hiyo ya maktaba ya nasaba huko Wisconsin, Marekani, inayosema alitoka Glarus, kantoni (yaani jimbo) ya Uswisi, usiidharau. Waswisi wa Glarus ndio walioanzisha mji wa New Glarus, hukohuko Wisconsin, mwaka 1845. Rudi uombe pia rejista za kanisa na matangazo ya vifo, ukitafuta Heimatort: kijiji cha asili ambacho uraia wake hurithiwa, hata kama mtu hakuzaliwa pale.

Ukikipata, una bahati kuliko wenye asili ya kantoni nyingine. Johann Jakob Kubly-Müller aliandika nasaba za familia za Glarus, na zimo kwenye hifadhi ya nyaraka ya kantoni. Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo nchi nzima ya Uswisi ulianza 1876. Kabla yake ni vitabu vya kanisa, mwandiko wa Kijerumani cha kale. Hapo tafuta mtu wa kukusomea.