Maswali yenu kuhusu Korea: tamthilia, muziki na lugha

Kwenye tamthilia za Kikorea msichana anamwita mpenzi wake "oppa". Si neno la kaka hilo?

Ndilo. Oppa ni kaka mkubwa kwa kinywa cha mwanamke. Mwanamume kaka yake mkubwa humwita hyung. Waliokulia mwambao na neno umbu, yaani dada kwa kaka yake au kaka kwa dada yake, hawatashangaa kwamba undugu hutajwa kwa kutazama nani anamwita nani. Na kama tunavyomwita kaka mtu tusiyezaliwa naye, oppa nalo limetoka nje ya nyumba likafika kwa mchumba.

Ni kweli mafanikio yote ya Wakorea katika filamu, tamthilia na muziki ni kazi ya serikali?

Si yote. Ni kweli kwamba uchumi wa Korea Kusini uliporomoka mwaka 1997, na Rais Kim Dae-jung, aliyeingia madarakani 1998, aliona utamaduni unaweza kuuzwa nje; sheria ya kukuza tasnia hiyo ikapitishwa 1999. Lakini mimi naupa uzito zaidi mwaka 1996, Mahakama ya Katiba ilipobatilisha utaratibu wa kukagua filamu kabla hazijaonyeshwa. Enzi za utawala wa kijeshi nyimbo zilipigwa marufuku na filamu zikakatwakatwa. *Parasite*, iliyotwaa Oscar ya filamu bora mwaka 2020, inaonyesha bila kificho familia maskini inayoishi nusu chini ya ardhi. Sidhani wakaguzi wale wangeipitisha. Fedha zilisaidia, ila uhuru ulitangulia, na hilo nchi nyingi zinazotamani njia ya Korea hazitaki kulisikia.

Binti yangu wa miaka 14 anataka kwenda Seoul kuwa mwimbaji. Nimruhusu?

Mama, amalize shule kwanza. Vijana wa kule hufundishwa kuimba na kucheza kwa miaka, usiku na mchana, na wengi hawafiki jukwaani kamwe. Mwaka 2009 wasanii watatu wa kundi la TVXQ walikwenda mahakamani kupinga mkataba wa miaka 13. Mwaka huohuo mamlaka ya ushindani ilitoa mkataba wa mfano usiozidi miaka 7. Hata hiyo ni mingi kwa mtoto. Kipaji chake kilee hapo nyumbani, usikivunje.

Kusoma maandishi yao ni kugumu?

Hapana. Hangul, yaliyotangazwa na Mfalme Sejong mwaka 1446 ili watu wa kawaida waweze kusoma, leo yana herufi 24 za msingi. Anza na 엄마: mama.