Karatasi za Mtu Aliyetoka Gerezani

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kwa nini wafungwa wanaoachiliwa hurudia makosa, na lifanyike jambo gani kuwazuia. Wengi hutafuta jibu katika tabia ya mtu: amezoea wizi, hana haya, jela haikumfunza kitu. Sikatai kwamba wapo wa namna hiyo, ila kwa maoni yangu tunapaswa kuanza na siku yenyewe anayotoka, pamoja na miezi michache inayoifuata.

Serikali ya Marekani iliwafuatilia watu waliotoka katika magereza ya majimbo 30 mwaka 2005. Katika miaka 9, asilimia 83 kati yao walikuwa wamekamatwa tena angalau mara moja, na asilimia 44 walikamatwa ndani ya mwaka wa kwanza tu. Kukamatwa si kutiwa hatiani, na wanaozinukuu takwimu hizi aghalabu husahau hilo. Hata hivyo zinaonyesha kwamba hatari ni kubwa zaidi mwanzoni.

Nilikwenda kumpokea ndugu yangu alipomaliza kifungo cha miaka sita. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki wenye shati moja, simu isiyowaka na kitambulisho kilichokwisha muda. Bila kitambulisho hakuweza kufungua akaunti ya benki. Bila akaunti, mwajiri aliyekuwa tayari kumchukua hakuwa na mahali pa kumwekea mshahara. Na ofisi ya vitambulisho ilimtaka uthibitisho wa makazi, ilhali alikuwa analala sebuleni kwangu. Tulihangaika hivyo kwa miezi miwili, na muda wote huo rafiki zake wa zamani, waliokuja kumsalimu tangu juma la kwanza, hawakumdai karatasi yoyote.

Jioni ile ya kwanza nilimkuta amesimama mbele ya mlango wa chumba, uliorudishwa tu bila kufungwa, akingoja mtu aufungue. Miaka sita hakuwa ameshika kitasa. Mtu aliyepangiwa saa ya kula, ya kuoga na ya kulala hutazamiwa siku moja aanze kujiamulia kila kitu, tena kwa busara kuliko sisi tuliokuwa uraiani wakati wote.

Kuhusu ajira, mtafiti Devah Pager aliwatuma vijana wenye sifa zinazolingana kuomba kazi mjini Milwaukee, Marekani, akachapisha matokeo mwaka 2003. Miongoni mwa waombaji weupe, asilimia 34 ya waliojitambulisha kuwa hawana rekodi ya jela waliitwa, na asilimia 17 ya waliosema wanayo. Kwa weusi ilikuwa 14 na 5. Adhabu ambayo hakimu hakuitamka huendelea kutekelezwa na waajiri.

Kinga yenyewe haina fumbo. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka maisha ya mfungwa baada ya kuachiliwa yafikiriwe tangu mwanzo wa kifungo, na atokapo awe na hati, mahali pa kuishi, kazi, mavazi na nauli. Mafunzo ya ufundi na tiba ya uraibu ni muhimu pia, lakini fundi seremala asiye na kitambulisho atakwama palepale alipokwama ndugu yangu. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2023 inayoruhusu baadhi ya wafungwa waliopaswa kutoka Ijumaa watolewe hadi siku mbili za kazi kabla yake, kwa kuwa anayetoka Ijumaa hukuta ofisi zinakaribia kufungwa kwa siku mbili.

Najua atakayeuliza kwa nini mhalifu ahudumiwe kabla ya aliyemdhuru. Ni haki yake kuuliza, na aliyedhurika anastahili zaidi ya anachopewa sasa. Lakini kuhuisha kitambulisho miezi mitatu kabla ya lango kufunguliwa hakumpunguzii aliyedhurika chochote, na ni kazi ambayo karani mmoja wa gereza angeweza kuimaliza akiwa mezani pake. Kwetu ilikula miezi miwili, na mwajiri yule alikubali kungoja kwa sababu tu alimfahamu marehemu baba yetu.